Goti bandia lisilo na saruji: ulizia mpako wake

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na ndiye ninayefungua pakiti ya goti bandia mezani. Sahani ya muundi, yaani kipande kinachokaa juu ya mfupa wa muundi, huishika kwa kingo tu. Upande wake wa chini, unaokwaruza kama msasa, siugusi, wala shashi haiukaribii, maana nyuzi zikinasa hapo hazitoki kirahisi. Huo ndio mpako, na mfupa wako unatakiwa kuota juu yake.

Basi ukiambiwa utawekewa goti bila saruji, yaani bila ile gundi ya kulishikiza kwenye mfupa, muulize daktari: sahani ya muundi imepakwa nini? Huko ndiko kunakosumbua kuliko upande wa paja. Zipo zenye vitundu vya metali ya titani au tantali, ambamo mfupa hupenya. Vitundu vya mikromita 100 hadi 400 huufaa (mikromita 1,000 ni milimita moja). Nyingine huongezewa haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa wenyewe. Vipimo vya shanga ndogo za tantali zinazofuatiliwa kwa eksirei vimeonyesha kwamba sahani zenye madini haya husogea kidogo miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Zenye vitundu pekee, hasa za miundo ya zamani, zilielekea kuendelea kusogea.

Lakini mpako haushiki kitu siku ya operesheni. Siku hiyo kinachoshika ni mfupa uliokatwa sawasawa, vigingi na skrubu. Sahani ikichezacheza zaidi ya mikromita 150 hivi, panaota utando laini wa nyuzi badala ya mfupa, hata mpako uwe bora namna gani. Kwa hiyo ukiruhusiwa kukanyagia mguu, kanyagia. Ukiwekewa mipaka, iheshimu. Na sigara uache, nakusihi, kwa kuwa huchelewesha mfupa kuota.

Baadaye, kusogea kidogo mwanzoni kusikutishe. Angalia kama kumekoma. Watafiti wameona kwamba sahani inayosogea zaidi ya milimita 0.2 kati ya mwaka wa kwanza na wa pili ina hatari kubwa ya kulegea. Eksirei ya kawaida haioni kiasi hicho, ila huonyesha mstari mweusi kati ya sahani na mfupa. Mama mmoja alikuja na picha mpya peke yake, mstari upo, na hakuna aliyeweza kumwambia kama umepanuka. Alirudi na ya zamani: ulikuwa vilevile. Wewe beba zote, na useme kama goti huuma unapoinuka kitini na kupiga hatua za kwanza.