Prado inakunywa oili lita ngapi?

Jumamosi jirani yangu hapa Maweni alinipigia hodi, dumu la lita tano mkononi. "Kaka, hii itatosha Prado?" Haitoshi. Prado ya dizeli ya 3.0, ile yenye injini ya 1KD, huchukua lita 7 ukibadilisha na filta. Ukiacha filta ya zamani, 6.7. RAV4 ya petroli ya 2.0 yenye injini ya 3ZR ni lita 4.2 na filta yake. Magari yote mawili watu huyaita SUV, kwa hiyo muuza duka ukimtajia SUV tu, atakuuzia alichonacho. Soma kitabu cha gari kwanza.

Ila nambari ya kitabu ni ya kwendea dukani. Unapomimina, mwenye amri ni kijiti cha kupimia. Kuna oili ya zamani ambayo haitoki hata ungoje mpaka magharibi.

Zungusha gari mpaka sokoni urudi, oili ipate joto na kulainika. Liegeshe pahali tambarare. Uani kwangu ni mchanga ulioinama, kwa hiyo hutoka nje. Jeki peke yake usiiamini, weka na stendi. Fungua kifuniko cha juu, kisha nati ya chini, uache ichuruzike. Mimi hapo huagiza kahawa chungu, vikombe viwili. Ukifungua filta ya kuzungusha, hakikisha mpira wa zamani haukubaki umenata kwenye injini. Mpya upake oili kidogo mpirani, uikaze kwa mkono.

Nati ya chini ikisharudi na kukazwa, Prado mimina lita 6.5 tu. Washa dakika moja filta ijae, zima, ngoja dakika kumi. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Mara ya kwanza usiisome, huwa imepakaa ovyo. Oili ikiwa chini ya alama ya juu, ongeza robo lita, ngoja, pima tena. Kwa magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja tu, kwa hiyo kikombe kimoja huonekana.

Nasema hivi kwa sababu RAV4 yangu niliwahi kuimiminia dumu zima la tano. Niliona uchungu kubakisha. Kabla ya daraja la Sabaki, moshi wa buluu ukanifuata nyuma. Oili ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ndani ya injini, huipiga ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Presha nayo huisukuma itokee kwenye sili, zile pete za kuzuia oili isivuje. Niliegesha, nikasubiri injini ipoe, nikaipunguza kwa bomba la sindano kupitia tundu la kijiti, kidogo kidogo, kijiti kikisomwa kila mara. Ilichukua karibu saa nzima, na wapita njia wote walikuwa na ushauri.

Oili chafu irudishe kwenye dumu tupu. Jirani aliondoka na yake. Ataipaka nguzo za ua wake zinazoliwa na mchwa.