Kabla ya kukabidhi fedha za bahari na uvuvi kwa wakala

Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, ikitaka kukabidhi usimamizi wa fedha hizi kwa wakala wake, anza na fedha zenyewe. Mfuko wa Umoja wa Ulaya wa bahari, uvuvi na ufugaji wa viumbe wa majini, wa 2021 hadi 2027, una takribani yuro bilioni 6.1. Zaidi ya bilioni 5.3 kati ya hizo hupitia kwa nchi wanachama: mvuvi wa Galicia hupeleka ombi lake kwa mamlaka za Uhispania, Kamisheni iliyoko Brussels hawalioni. Wakala wa utekelezaji, CINEA (wakala wa Kamisheni wa tabianchi, miundombinu na mazingira), huhusika na sehemu tu ya kiasi kidogo kilichobaki. Hapo ndipo mjadala uanzie, la sivyo watu watagombania mamlaka juu ya fedha ambazo hazitahama.

Kisha mpaka wa kazi, na hapa msiharakishe. Kanuni namba 58 ya 2003 ya Umoja wa Ulaya, inayohusu wakala wa utekelezaji, inakataza kuupa wakala kazi yenye maamuzi ya kisiasa. Kwenye karatasi ni rahisi: kurugenzi kuu ya bahari na uvuvi ya Kamisheni inapanga vipaumbele, wakala unatangaza nafasi za ruzuku, unachambua maombi, unasaini mikataba na kulipa. Lakini chukua utafiti wa akiba ya samaki. Anayeandika hadidu za rejea ndiye anayeamua kitakachopimwa na kitakachoachwa. Hiyo ni kazi ya ofisi tu, au tayari ni sera? Mimi ningeziacha kurugenzini, hata zikichelewa. Pitieni kazi moja baada ya nyingine kabla hati ya ukabidhi haijasainiwa.

Kanuni hiyohiyo inadai uchambuzi wa gharama na faida. Macho ya wengi hukimbilia mishahara, kwa kuwa watumishi wa mkataba ni nafuu. Gharama za uratibu na ukaguzi nazo zihesabiwe, pamoja na hitaji la Kamisheni kubaki na ujuzi wa kutosha ndani yake. Ofisa aliyefuatilia miradi ya udhibiti wa uvuvi kwa miaka anajua mengi ambayo hayaingii kwenye ripoti. Akihamia kwa wakala, nani atakayemuuliza? Andikeni mapema jinsi maarifa yatakavyorudi kwa watunga sera.

Kamati ya uongozi ya wakala ina watu watano, wote huteuliwa na Kamisheni. Tathmini ya nje hufanyika kila miaka mitatu. Hayo yamekwisha kupangwa kisheria, hayahitaji vikao virefu.

Kinachosahaulika ni mikataba iliyo njiani. Kazi za uvuvi zilikuwa EASME, wakala wa awali wa biashara ndogo na za kati; mwaka 2021 wakala huo ulipofungwa, zikahamia CINEA, iliyoanza tarehe 1 Aprili. Kwa hiyo orodhesheni kila mkataba ulio hai, tarehe ya malipo yanayofuata na jina la anayeshika faili, na mpokeaji ruzuku aambiwe kabla ya siku ya kuhama barua yake inayofuata aielekeze kwa nani.