Mtihani wa ultrasaundi usizeeke: anzeni na maswali ya zamani

Watu wakisikia mtihani wa cheti cha wapimaji wa ultrasaundi umepitwa na wakati wanakimbilia kutunga maswali mapya, mara elastografia (kupima ugumu wa nyama) mara kontrasti (dawa ya kung'arisha picha), halafu yale ya mwaka 47 yanabaki humo humo kwenye benki ya maswali. Mi nasema kama umewekwa kwenye kamati ya mtihani anza na hayo, ndo yanayoumiza watu.

Mfano, mimba changa. Vitabu vingi vya zamani vilisema CRL, yaani urefu wa kiinitete, ikifika milimita 5 na hakuna mapigo ya moyo basi mimba imekufa. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa radiolojia wa Marekani, SRU, likapandisha hadi 7, na kwa kifuko cha mimba kisicho na kiinitete kiwango kikawa kipenyo cha milimita 25. Sasa swali linauliza: CRL milimita 6, mapigo hamna, unaandika nini? Ufunguo wa majibu wa zamani unasema imekufa. Anayefanya kazi vizuri anaandika inatia shaka, mama arudi baada ya siku 7 hadi 10, na mtihani unamkata maksi kwa kusema kweli! Na mwaka 2024 SRU hao hao wakabadili hata majina ya kuita hizi mimba, kwa hiyo ukitafuta kwenye benki tafuta namba na maneno pia.

Ili usisake kila mara, kila swali liandikiwe limetoka mwongozo gani na wa mwaka gani, mwongozo ukibadilika unavuta yote ya hapo kwa mpigo mmoja.

Ila usikurupuke kila mwongozo ukitoka. Chukua mishipa ya shingo: SRU mwaka 2003 walisema mshipa kuziba asilimia 50 unaanza kasi ya damu ikifika sentimita 125 kwa sekunde, baadaye IAC, shirika la Marekani la ithibati za maabara za vipimo, wakapendekeza 180, na maabara hazijahama zote. Ukiuliza kuhusu 150 unatafuta ugomvi tu. Weka 200, pande zote mbili zinakubaliana imevuka 50, na bado unapima kama mtu anajua kusoma Dopla, kipimo cha kasi ya damu.

Maswali ya kuongeza sasa, usiyatoe kichwani. ARDMS, wanaotoa vyeti vya ultrasaundi kule Marekani, wanawauliza walioko kazini: hiki unakifanya mara ngapi, ukikikosea mgonjwa anadhurika kiasi gani, na majibu ndo yanaamua kila mada ipate asilimia ngapi. Wewe ukiwauliza hakikisha wamo wa hospitali ndogo wenye mashine moja, maana maprofesa wakijaza peke yao utapata mtihani wa magonjwa ambayo wengi hawatayaona mpaka wanastaafu.

Swali jipya liingie kwanza bila kuhesabiwa maksi. Wanaofaulu vizuri kwingine wakilikosa kwa wingi na wote wamechagua jibu lilelile, kagua ufunguo kabla hujawalaumu, mara nyingi wao ndo wako sahihi.

Mambo yakibadilika sana alama ya kupita nayo ipangwe upya, jopo likae lipitie swali kwa swali lijiulize mtu anayestahili kupita kwa shida angelipata ama la. Halafu mtangaze muhtasari mpya mapema na tarehe ya kuanza, walimu wanahitaji muda wa kubadili noti zao na kuna mwanafunzi ashalipia mtihani akisomea ule wa zamani.