Somo: Kumpiga picha ndege mvumaji hadi manyoya ya bawa yahesabike

Wakuu salaam. Somo hili niliwaahidi tangu nilipoweka ile picha ya dume lenye koo jekundu, na karibu kila mtu aliuliza natumia kamera gani. Ni ya mtumba, ndiyo hiyohiyo ninayopigia harusi za Watanzania na Wakenya hapa Columbus, Ohio. Asiuze mtu ng'ombe kwa ajili ya kamera mpya. Ndege mvumaji (hummingbird kwa Kiingereza) akishapajua penye maji ya sukari, anarudi palepale kutwa nzima. Wewe unapaandaa pale mahali kama mpiga picha wa studio anavyoandaa kiti, kisha unangoja mteja aje.

Kwa walioko nyumbani: ndege wavumaji hawapo Afrika. Ni ndege wa mabara ya Amerika tu, spishi zaidi ya 300, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini kabisa. Huku mashariki mwa Marekani anayetaga na kulea ni mmoja, Archilochus colubris, na dume lake ndilo lenye koo jekundu. Ana gramu 3 hivi, yaani amezidi kidogo tu sarafu ya senti moja ya hapa. Akitulia hewani hupiga mabawa kama mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake utausikia kabla hujamwona. Ohio wanafika kuanzia mwishoni mwa Aprili na Septemba wanaondoka. Mimi naupenda Agosti: makinda yameshatoka viotani, idadi imeongezeka, na wote wanakula kwa pupa wajinenepeshe kwa safari ya kusini, ambako wengi huivuka Ghuba ya Meksiko bila kutua.

HATUA YA 1: Maji ya sukari

Kikombe kimoja cha sukari nyeupe ya kawaida, vikombe vinne vya maji. Koroga hadi iyeyuke, acha ipoe, mimina kwenye kilishio, yaani chombo cha kutundika chenye matundu ambacho ndege hunywea. Usitie rangi nyekundu. Wekundu wa chombo chenyewe unatosha kumwita. Sukari guru hapana, na asali hapana kabisa. Mwaka wangu wa kwanza nilitia asali nikijiona mjanja, kwamba asali ni dawa. Bibi wa nyumba ya jirani alipoiona alikuja mbio kama nimeweka sumu. Alinieleza kuwa asali iliyochanganywa na maji huchacha upesi na kuotesha ukungu unaoweza kumdhuru ndege. Siku za joto badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kilishio kioshe kwa maji ya moto na brashi. Yakionekana na utandouando, mwaga.

HATUA YA 2: Mahali

Tundika kilishio kivulini. Mimi natumia kibaraza cha nyuma, chini ya paa. Kwa nini kivuli, wakati kila siku tunaambiwa mwanga ndio picha? Ngoja hatua ya 3.

Kilishio changu kina matundu manne ya kunywea. Matatu nayaziba kwa utepe, linabaki moja tu, linalotazama pembeni ili ndege nimwone ubavu. Hii ndiyo kazi nzito kuliko zote na inachukua sekunde thelathini. Badala ya kumwinda ndege uani kote, sasa unajua mdomo wake utakuwa wapi, kwa sentimita.

Kisha mwache azoee. Weka stendi za flashi zikiwa tupu siku mbili tatu, yeye akiendelea kunywa. Ukileta vyuma vyote asubuhi moja, atakwenda kunywa kwa jirani.

HATUA YA 3: Mwanga (hapa ndipo wengi wanapokwama)

Wengi wanaanza na kasi ya shata, yaani lile pazia la kamera linalofunguka na kufunga kupitisha mwanga. Wanaweka 1/1000 ya sekunde na picha inatoka na kichwa kizuri, mabawa ukungu. Piga hesabu: mapigo 50 kwa sekunde maana yake pigo zima la bawa, kwenda na kurudi, linakwisha ndani ya sehemu ya hamsini ya sekunde. Shata ya 1/1000 ikifunguka na kufunga, bawa limeshamaliza sehemu ya ishirini ya safari yake, na ncha ya bawa ndiyo inayokwenda mbali zaidi. Hata 1/4000 kwenye jua kali bado ncha zinafifia kidogo. Kuna wanaoupenda ukungu huo, kwamba unaonyesha uhai, na siwabishii. Ukitaka kuyahesabu manyoya, mwache shata umwendee flashi.

Flashi ndogo hizi za kubandika juu ya kamera zina jambo ambalo sisi wa harusini hatulitumii. Ukiishusha nguvu, haiwaki kwa unyonge; inawaka kwa muda mfupi zaidi. Ikiwa kwenye nguvu kamili mmweko wake ni mrefu. Ukiishusha hadi 1/32 ya nguvu yake mmweko unakuwa mfupi kuliko sehemu ya elfu kumi ya sekunde. Mmweko huo sasa ndio shata yako, na shata ya kamera haina kazi tena.

Lakini hilo linawezekana tu kama mwanga mwingine wote umeufungia nje, na ndiyo maana ya kivuli. Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), shata 1/200, tundu la lenzi f/14, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200. Zima flashi, piga picha moja. Inatakiwa itoke nyeusi karibu tii. Ukiona majani na ukuta vimetokea, basi na bawa litatokea mara mbili: moja kali la flashi, jingine la mwanga wa mchana linalolifuata kama mzuka. Bana tundu la lenzi au sogea kivulini zaidi. Na kwenye flashi zima ile hali inayoruhusu shata za kasi kubwa, kwa sababu hiyo inageuza mmweko mmoja mfupi kuwa mfululizo wa vimweko unaochukua muda mrefu, na mabawa yanarudia ukungu wao.

Mimi natumia flashi nne za zamani. Mbili ziko mbele, kushoto na kulia kwa lenzi, kama nusu mita kutoka kilipo kilishio. Moja iko juu kwa nyuma, ichore ukingo wa mgongo. Ya nne inamulika kilicho nyuma ya ndege, maana bila hiyo nyuma itatoka giza na ndege ataonekana kama popo. Pale nyuma nimesimamisha picha kubwa ya majani niliyoipiga makusudi bila fokasi, yaani ikiwa ukungu, mita moja kutoka kwenye kilishio. Ndiyo, ule ukijani mnaousifia ni karatasi.

Na koo. Wekundu wa koo la dume si rangi iliyopakwa kwenye unyoya. Unatokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa kurudisha mwanga. Mwanga ukitoka upande wa lenzi na yeye akakugeukia, koo linawaka kama kaa la moto. Akigeuza shingo kidogo linakuwa jeusi. Kwa hiyo zile flashi mbili za mbele zisikae mbali sana na lenzi. Majike na makinda hawana koo jekundu, msihangaike kulitafuta.

HATUA YA 4: Fokasi

Lenzi ya 300mm inatosha, mita mbili hivi kutoka kwa ndege, kamera juu ya miguu mitatu. Fokasi ya mkono. Shika kalamu pale ndege atakapokuwa, fokasi kwenye kalamu, kisha usiguse tena. Ukiiachia kamera ijichagulie, itakwenda kwenye kilishio kila mara, maana kilishio hakiruki.

Wapi hasa ushike kalamu? Si kwenye tundu la kunywea. Mtazame anavyokunywa: anaingiza mdomo, anavuta, kisha anarudi nyuma kidogo, anasimama hewani akiangaza huku na huku, halafu anaingia tena. Pale anaporudi ndipo pa picha, hakuna chombo mdomoni. Fokasi hapo.

HATUA YA 5: Kubonyeza

Kaa kwenye kiti, rimoti mkononi, kahawa pembeni. Akirudi nyuma, bonyeza mara moja. Usimwage risasi kama bunduki ya vita, flashi zinahitaji kujijaza. Siku nzuri napiga 200, nabaki na 6.

HATUA YA 6: Ua badala ya plastiki

Akishazoea, ondoa kilishio kwa dakika chache na mahali pake funga ua refu la tarumbeta. Huku mimi natumia Campsis radicans, linaota lenyewe kwenye uzio. Dondoshea maji ya sukari ndani kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Atakuja, atalikuta tamu, na picha yako haitakuwa na plastiki. Kilishio kirudishe ukimaliza.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Moshi: Kaka, shikamoo. Huku tuna chozi, wanakuja kwenye ua la mgomba nyuma ya jikoni. Nahitaji flashi nne kweli?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, wewe una bahati. Chozi anafanana na huyu wa kwangu kwa kuwa wote wanakunywa nekta, yaani maji matamu ya maua, ila si ndugu. Chozi mara nyingi hutua kwenye shina au kwenye ua lenyewe ndipo anywe, hatulii hewani muda mrefu. Kwa hiyo asubuhi yenye jua 1/1000 inakutosha, bila flashi. Panda mshubiri, maua yake wanayapenda sana. Fokasi kwenye kituo anachozoea kutua kabla ya kunywa. Manyoya yake yanayometa nayo yanataka jua liwe mgongoni mwako.

Mdau wa Tanga: Unasema hawapo Afrika. Mimi kwa macho yangu nimemwona mmoja mchana kwenye maua ya shangazi, amesimama hewani, mabawa hayaonekani!

Ninakuamini ulimwona, ila huyo alikuwa nondo. Wako nondo wanaoruka mchana na kunywa hewani vilevile. Siku nyingine angalia kichwani: ukiona vipapasio viwili, na mrija mrefu unaojikunja, ni mdudu. Mpige picha kwa mbinu hizihizi, yeye ni mvumilivu kuliko ndege.

Mdau wa Houston: Dume moja limejimilikisha kilishio, linawafukuza wengine wote. Nifanye nini, mkuu?

Weka cha pili upande mwingine wa nyumba, asikoweza kukiona akiwa kwenye kituo chake. Hawezi kulinda kona mbili. Na yeye usimchukie: ana tawi moja analopenda kukaa akilinda, nenda ukampige picha hapo.

Mdau: Nina flashi moja tu. Niache?

Usiache. Iweke upande mmoja wa lenzi, upande wa pili weka karatasi ngumu nyeupe irudishe mwanga. Karatasi ya nyuma isogeze karibu, sentimita 30 hivi kutoka kwa ndege, ipate mabaki ya mwanga. Vivuli vitakuwa vizito kidogo, lakini mabawa yatasimama.

Dada wa Nairobi: Flashi haziwadhuru macho?

Dada, wa kwangu siku ya kwanza alishtuka na kurudi baada ya dakika tano, siku ya tatu hakujali tena. Ukiona wako anaruka kila flashi ikiwaka na harudi, acha. Kwenye kiota sipigi kabisa, hata bila flashi. Na kwa mlioko Marekani, sheria ya ndege wahamao ya mwaka 1918 inakataza kuwashika au kuchukua viota vyao na mayai, msije mkapeleka kiota nyumbani kama pambo.

Mdau: Simu inaweza?

Video ya mwendo wa polepole, fremu 240 kwa sekunde, simu ikiwa kwenye stendi nusu mita kutoka kwenye kilishio, juani safari hii. Washa, ondoka, rudi baada ya robo saa. Picha tulivu ya simu itakukatisha tamaa, ila video ile watoto wataitaka kila siku.

Mdau wa Columbus: Sisimizi wamejaa kwenye chombo changu. Na jana nimekuta vunjajungu mkubwa kajipachika juu yake.

Sisimizi: tundika kikombe kidogo cha maji kati ya waya na kilishio, hawaogelei. Usipake mafuta kwenye waya, yatamgusa ndege. Vunjajungu mtoe leo hii, mbebe kwa kijiti umpeleke mwisho wa uzio. Hajaja kunywa sukari. Vunjajungu mkubwa huwakamata ndege hawa na kuwala. Mimi naangalia chini ya kilishio kila asubuhi kabla sijawasha flashi.