Somo: Namna ya kuitafuta nyota ya jangwa

Wapendwa, karibuni. Leo tunalitafuta ua ambalo watu hulikanyaga wakikimbilia maua makubwa. Kitaalamu ni Monoptilon bellioides, la ukoo wa alizeti. Huota, huchanua na kufa ndani ya msimu mmoja, katika majangwa ya Mojave na Sonora: California, Nevada, Arizona, Utah na kaskazini mwa Meksiko.

Hatua ya 1: Fuatilia mvua kabla ya kufungua ramani. Bonde la Death Valley, lililo katika jangwa la Mojave, hupata takriban sentimita 5 tu za mvua kwa mwaka. Mbegu nyingi za huko zina kemikali inayozizuia kuota hadi mvua ya kutosha iisuuze, kwa hiyo manyunyu hayaziamshi. Zikisubiri, husubiri hata miaka. Mvua ikishika vizuri kuanzia Oktoba, nenda kati ya Februari na Mei. Anzia mabondeni, kisha panda juu kadiri joto linavyozidi.

Hatua ya 2: Tafuta tambarare zenye mchanga na kokoto. Kwenye magadi meupe usipoteze muda.

Hatua ya 3: Lala kifudifudi. Kweli kabisa, hakuna njia nyingine. Utaona petali nyeupe, kitovu cha manjano, majani membamba yenye vinyweleo. Tena kila "petali" hapo ni ua dogo lenyewe, na kitovu ni maua madogo yaliyosongamana. Mimi hapa huwa natulia muda mrefu.

Hatua ya 4: Usichume. Hifadhi za taifa za Marekani zinakataza, na ua lililochumwa haliachi mbegu.

MASWALI

Mwalimu, kuna jingine jeupe linafanana nalo. Nitatofautishaje?
Hilo huenda ni Eriophyllum lanosum, ndugu yangu. Hesabu petali: lenyewe huwa nazo chache, mara nyingi 8 hadi 10. Nyota huwa na 12 au zaidi.

Naweza kuhamisha mche nikaupande nyumbani?
Hapana. Piga picha.

Niliuona mmea mmoja, una ua moja tu, hauzidi kidole gumba. Ulikuwa mgonjwa?
La hasha. Maji yakiwa haba, hutoa ua moja na mbegu zake, basi. Mwaka wa neema mmea wa aina hiyohiyo hutandaa kama mto wa kulalia, umejaa maua. Rudi palepale baada ya mvua kubwa.