Somo: Mguu wa bandia kwenye joto la Mtwara (waliokatwa chini ya goti)

Kila wiki naulizwa lile lile: "Mbona asubuhi mguu unakaa vizuri, jioni unaniua?" Naandika hapa, atakayeuliza tena nitamwelekeza. Ni kwa ambaye kidonda cha upasuaji kimeshapona na mguu ameshapimiwa na fundi wa viungo bandia.

1. Asubuhi kagua kigutu (kipande kilichobaki cha mguu uliokatwa) kwa kioo, hasa nyuma na nchani.

2. Usipake mafuta kabla ya kuvaa. Mafuta ni ya usiku.

3. Vuta soksi ya kigutu isiwe na mkunjo hata mmoja.

4. Ingiza kigutu kwenye soketi (kikombe cha juu cha mguu wa bandia) ukiwa umekaa, kisha simama uzito ushuke taratibu.

5. Hapa ndipo penye kazi. Kigutu hupungua kadiri siku inavyokwenda, kwa sababu soketi inakamua maji yaliyo kwenye nyama. Kikipungua kinazama, na ncha inaanza kubeba uzito usioihusu. Dalili zake: mguu unacheza, unasikia hewa ikipumua ndani, ncha au chini ya pia ya goti panauma. Simama, vua, ongeza soksi moja. Ukizidisha nako ni tabu, kigutu kinaning'inia bila kufika mahali pake. Mimi nilivumilia mpaka jioni wakati wa kuokota korosho, na kidonda kikanikalisha chini msimu wote. USIVUMILIE. Tembea na soksi za akiba mfukoni. Usivae mguu juu ya kidonda kibichi, hata kama kuna harusi.

6. Jasho: ukilowa, vua, kausha, badili soksi. Kwa joto letu hata mara tatu kwa siku si ajabu.

7. Usiku osha kigutu kwa sabuni isiyo kali, futa soketi, vyote vikauke.

Mguu mpya: anza kwa kuuvaa muda wa saa moja, vua, kagua. Wekundu usiotoka baada ya dakika kumi ni wa kumwonyesha fundi.

MASWALI

Kijana wa Chuno: Kaka, wangu unacheza, nimeweka sponji la godoro ndani. Si sawa tu?

Jibu: Hatua ya 5 umeisoma? Toa sponji leo.

Kijana wa Chuno: Soksi zimeniishia ndiyo maana.

Jibu: Ungeanza na hilo. Soksi safi ya pamba, mshono usikae nchani, ikusogeze mpaka upate zako. Ukifika kuvaa soksi nyingi kila siku, soketi imekuwa kubwa. Rudi kwa fundi.

Mama Salha, Lindi: Shikamoo. Mama yangu ana kisukari, hasikii maumivu vizuri. Atajuaje kama anaumia?

Jibu: Marahaba, dada. Swali lako ni la maana sana. Kwake macho ndiyo yafanye kazi ya maumivu. Avue kila baada ya muda mfupi, wewe au mjukuu mwangalie kigutu chote. Na msiusahau mguu uliobaki, huo ndio ulio hatarini. Mkague kati ya vidole kila jioni, asitembee peku hata uani, na kabla ya kuvaa kiatu kitikiseni, kokoto isibaki ndani.

Mwalimu wa Newala: Kwa nini nikivaa kandambili napepesuka kwenda nyuma?

Jibu: Kwa sababu fundi alipanga mguu kwa urefu wa kisigino cha kiatu ulichokwenda nacho. Kisigino kikishuka, mguu wote unalala nyuma. Ukitaka kubadili, tafuta kiatu chenye kisigino kilekile.

Mzee wa Mikindani: Nashuka ufukweni kila siku. Chumvi je?

Jibu: Shikamoo mzee. Suuza kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, kausha vizuri kwenye nati na bolti, ndiko kutu inakoanzia. Kwenye mchanga laini piga hatua fupi, na mkongojo ushike mkono wa upande wa mguu mzima.

Mama Salha, Lindi: Na basi la Dar? Tunampeleka hospitali ya CCBRT.

Jibu: Akivua safarini, mfungeni bandeji ya kuvutika papo hapo, imbane zaidi nchani na kulegea kwenda juu. Kigutu kikiachwa wazi kinavimba, mkifika Mbagala mguu hauingii.