Kufufua pikipiki ndogo ya zamani ambayo vipuri vyake havitambuliki

Pikipiki kuukuu iliyotelekezwa miaka mingi haishindikani kwa sababu ya kutu. Kutu hutoka. Kinachokwamisha kazi ni vipuri: injini imeshafunguliwa, pistoni iko mezani, na hakuna anayejua ni ya pikipiki gani. Jina lililoandikwa kwenye tangi halitoshi kukujibu. Chombo cha umri huo kimepita kwa mafundi wengi, na kila mmoja alifunga alichokipata siku hiyo. Tangi linaweza kuwa la aina moja, injini ya nyingine, na kabureta ikatoka kwa kampuni tofauti kabisa.

Ndiyo maana nashikilia jambo moja katika kazi hii: kila kipuri kitambuliwe chenyewe, kwa namba yake na kwa vipimo vyake, kabla hujaenda kutafuta kingine. Usinunue kitu kwa jina la pikipiki peke yake.

Tafuta kalipa nzuri (ya kupimia vipenyo na unene), kipimo cha hesi (yaani mizunguko ya skrubu na bolti), fila (visahani vya kupimia nafasi nyembamba), multimita ya kupimia umeme, mifuko midogo ya nailoni na kalamu ya wino usiofutika. Spana na bisibisi unazo. Daftari ni kifaa pia, usiliache.

Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa

Piga picha kila upande, kisha sogea karibu: njia ya kila waya, kila kebo, mpangilio wa washa kwenye ekseli, upande ambao springi ya stendi imeshikwa. Piga hata vilivyofungwa vibaya. Bolti isiyofanana na mwenzake inakuonyesha mahali ambapo fundi wa zamani alipita, na hapo ndipo utakapokuta kipuri cha kigeni.

Hatua ya 2: Soma namba zote

Namba ya fremu huwa kwenye shingo ya usukani, chini ya kiti, au kwenye bomba la fremu karibu na injini. Namba ya injini imegongwa kwenye kasha la injini, mara nyingi upande wa kushoto kwa chini. Sugua kwa brashi ya nailoni na petroli kidogo. Usitumie brashi ya waya wala mashine ya kusaga, kwani namba iliyofutika ni hasara isiyofidika na inaweza kukuletea matatizo ya kisheria. Zikiwa hafifu, paka chaki na umulike tochi kutoka pembeni. Hakikisha namba ya fremu inalingana na hati za umiliki kabla hujatumia fedha yoyote.

Usishangae ukikuta namba fupi. Namba ndefu za herufi na tarakimu 17 zilienea kuanzia miaka ya 1980; kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake. Kwa Honda, namba ya injini huanza na jina la aina likifuatiwa na herufi E, kama C50E au CG125E. Hapo umeshapata familia ya injini, hata kama fremu ni ya kitu kingine.

Kisha tafuta namba za vipuri vyenyewe, kwenye stika au kwenye chuma kilichomiminwa. Namba kamili ya Honda ina mafungu: tarakimu tano za kwanza hutaja kazi ya kipuri (13101 ni pistoni, 12100 ni silinda, 16100 ni kabureta), na fungu linalofuata la alama tatu hutaja aina ya pikipiki ambayo kipuri kilitengenezewa. Yamaha hupanga kinyume: alama tatu za mwanzo ndizo za aina ya pikipiki, na tarakimu tano zinazofuata ndizo za kazi, kama 11631 kwa pistoni. Ukiujua mpangilio huu, hata namba iliyofutika nusu hukupa mwanga. Angalia pia jina la mtengenezaji kwenye ubavu wa kabureta: Keihin, Mikuni, Dell'Orto, Amal au Bing. Andika kila herufi unayoiona, hata ile isiyo na maana kwako leo.

Hatua ya 3: Legeza injini iliyokwama

Toa plagi na umimine mafuta ya kupenya, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, kupitia tundu lake. Acha siku kadhaa, ukiongeza kila yanapopungua. Halafu tia spana kwenye nati ya krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na usukume polepole mbele na nyuma. Injini ikisogea kidogo tu, endelea hivyo hivyo na uongeze mafuta. Usiikanyage kiki kwa nguvu, maana meno ya kiki huvunjika kabla pistoni haijaachia. Usigonge pistoni kwa nyundo kupitia tundu la plagi, utaitoboa.

Kwa injini ya mipigo miwili, ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, kumbuka kwamba mafuta hupenya kwenye matundu ya silinda na kushuka hadi kwenye krenki. Yamwage yote kabla ya kuwasha.

Hatua ya 4: Fungua bila kuharibu

Skrubu za nyota kwenye pikipiki za Kijapani nyingi zina nukta ndogo kichwani, karibu na msalaba. Hizo ni za JIS, kiwango cha viwanda vya Japani, na zinahitaji bisibisi yake. Ya kawaida huteleza na kula kichwa cha skrubu. Gonga bisibisi kwa nyundo mara moja au mbili kabla ya kuzungusha, au tumia bisibisi ya kugonga. Zilizogoma pashia joto kwenye alumini inayozizunguka, lakini mbali na petroli na mvuke wake.

Flaiwili ya magneto, gurudumu zito lenye sumaku za kuzalisha umeme, itolewe kwa pula yake (kifaa cha kuivuta) peke yake. Pima hesi ya tundu la katikati kabla ya kuitafuta, na uangalie mwelekeo wake, kwa sababu baadhi hufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Anayeigonga flaiwili huharibu ncha ya krenki na kupunguza nguvu ya sumaku.

Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake na jina lake. Gasketi kuukuu usitupe hata ikiwa vipande, kwa kuwa ndiyo ramani ya kukata mpya na unene wake una kazi.

Hatua ya 5: Pima kila kitu

Hapa ndipo pikipiki isiyojulikana inapoanza kujulikana. Anza na ukubwa wa injini. Toa kichwa cha silinda, pima kipenyo cha silinda na umbali ambao pistoni inasafiri kutoka juu hadi chini, yaani mpigo, vyote kwa milimita. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa mpigo, kisha kwa 0.7854, na ugawe kwa 1000. Ukipata kipenyo cha 39 na mpigo wa 41.4, jibu ni kama sentimita za ujazo 49.5: hivyo ndivyo vipimo vya Honda C50. Kipenyo cha 47 kwa mpigo uleule ni C70. Kipenyo cha 56.5 kwa 49.5 ni CG125, pikipiki iliyoanza kutengenezwa 1976. Injini hizi zimenakiliwa na viwanda vingi, kwa hiyo injini isiyo na jina lolote inaweza kabisa kuwa ndugu wa mojawapo. Silinda iliyochongwa itazidi kidogo vipimo hivi, basi soma juu ya pistoni: 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 ni alama ya milimita zilizoongezwa.

Pistoni ina vipimo vinne ambavyo fundi asivikose. Cha kwanza ni kipenyo, kinachopimwa kwenye sketi karibu na chini, upande unaokatana na pini kwa pembe mraba. Cha pili ni kipenyo cha pini. Cha tatu, na ndicho kinachosahaulika sana, ni kimo kutoka katikati ya pini hadi ukingo wa juu wa pistoni: pima kutoka ukingo wa juu wa tundu la pini, kisha ongeza nusu ya kipenyo cha pini. Cha nne ni unene wa ringi. Ukiwa na hivi vinne unaweza kupata pistoni inayokaa hata kama jina la pikipiki hulijui. Kipimo cha tatu kikizidi hata milimita moja, pistoni inaweza kugonga kichwa au valvu. Kwa mipigo miwili ongeza mahali pa vijipini vinavyozuia ringi kuzunguka. Kimoja kikiangukia kwenye tundu la silinda, ringi itanasa na kuvunjika.

Beringi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu namba zake ni za kimataifa na hazitegemei pikipiki. 6203 ni milimita 17 ndani, 40 nje na 12 kwa unene. 6204 ni 20, 47 na 14. 6301 ni 12, 37 na 12. Tarakimu mbili za mwisho zikiwa 04 au zaidi, zidisha kwa 5 upate tundu la ndani. 00 ni 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17. Angalia na herufi za nyuma: C3 maana yake ina nafasi zaidi ya ndani, na kwenye krenki usiibadilishe kwa ya kawaida. Sili za mafuta nazo huandikwa vipimo vitatu: shafti, kipenyo cha nje, unene. Sili ya 20x35x7 ni ileile popote utakapoipata, ila kwa krenki ya mipigo miwili dai inayohimili petroli na joto.

Cheni: 420 na 428 zote zina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na ndiyo maana huchanganywa. Tofauti iko kwenye upana wa ndani: 420 ni 6.35 na 428 ni 7.94. Hesi: nyingi za Kijapani ni M6 kwa 1.0, M8 kwa 1.25 na M10 kwa 1.25. Kwenye pikipiki za Uingereza za zamani utakutana na Whitworth yenye pembe ya nyuzi 55 badala ya 60. Ukiweka kipimo cha hesi na kuona mwanga unapita, acha kulazimisha nati.

Plagi isome pia. Kwa plagi za kampuni ya NGK, herufi ya kwanza ni kipenyo cha hesi: C ni milimita 10, D ni 12, B ni 14. Herufi baada ya tarakimu ni urefu wa hesi: H ni 12.7 na E ni 19. Plagi ndefu kupita kiasi itakutana na pistoni. Usiamini kwamba iliyokuwemo ndiyo sahihi. Pima kina cha tundu.

Hatua ya 6: Tangi na kabureta

Tangi lenye kutu ndani lioshwe kwa asidi ya sitriki, kama gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji, likae usiku mzima. Suuza, tia maji ya baking soda kuua asidi, kausha haraka kwa hewa ya joto, kisha zungusha mafuta mepesi ndani ili kutu isirudi. Usilehemu tangi lililowahi kuwa na petroli. Mvuke uliobaki hulipuka.

Vipuri vya chuma vinaweza kusafishwa kwa umeme kwenye maji yenye magadi. Kipuri kifungwe upande hasi, chuma chakavu upande chanya. Chuma hicho kisiwe kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu. Alumini usiiweke humo kabisa, nayo kazi ifanyike mahali pa wazi, kwani gesi inayotoka ni haidrojeni.

Kabureta ifunguliwe hadi mwisho. Matundu ya jeti, vile vipande vidogo vinavyopitisha petroli kwa kipimo, yasafishwe kwa uzi wa nailoni na hewa ya pampu, kamwe si waya wa chuma. Andika namba za jeti, kwani zikipotea ndipo utafutaji mrefu huanza. Boya litikise karibu na sikio: likiwa na petroli ndani, limetoboka.

Hatua ya 7: Umeme

Kwanza jua kama ni volti 6 au 12, kwa kusoma balbu na si kwa kukadiria ukubwa wa betri. Waya wa ardhini hukwambia asili ya mfumo: Honda hutumia kijani, Yamaha nyeusi, Suzuki nyeusi yenye mstari mweupe. Ukikuta rangi mbili tofauti za ardhini, jua waya za pikipiki mbili zimeunganishwa. Fuatilia kila moja kwa multimita na uchore upya.

Pointi, zile ncha mbili zinazofungua na kufunga umeme wa cheche, zisafishwe kwa msasa laini na ziachwe zikiachana milimita 0.3 hadi 0.4. Plagi iwe 0.6 hadi 0.7. Cheche ikikosekana, pima koili na kondensa kabla ya kulaumu sumaku.

Hatua ya 8: Breki na matairi

Sehemu hii haina majadiliano. Lainingi za zamani huenda zina asbesto: zilowanishe kwa maji, vaa barakoa, usipulize vumbi. Tairi lenye nyufa lisibaki hata kama kashata zake ni nzima. Kebo zote ziwe mpya.

Hatua ya 9: Kuwasha

Weka mafuta mapya ya injini. Kwa mipigo miwili changanya mililita 40 za oili kwa lita ya petroli, yaani 25 kwa 1, isipokuwa umepata maelekezo ya injini yako. Washa kwa dakika chache tu, zima, iache ipoe kabisa. Sikiliza valvu na uangalie kama kuna mvujo. Kaza upya nati za kichwa cha silinda injini ikiwa baridi, kwa mpangilio wa msalaba, kisha pima tena nafasi ya valvu kwa sababu hubadilika baada ya kukaza.

Baada ya safari fupi ya kwanza toa plagi. Kahawia ni hali nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu ni petroli nyingi. Nyeupe ni hewa nyingi, na hapo usiendelee kuendesha mpaka upate chanzo, iwe jeti ndogo au hewa inayopenya kwenye gasketi ya kabureta. Mwaga oili ya kwanza mapema, uichuje kwenye kitambaa cheupe. Chembe laini za kung'aa hutokana na ringi mpya zinazojipanga. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni vya gia au beringi, na kasha la injini lifunguliwe tena kabla ya kilomita nyingine.